Notisi Getini

Notisi ya ujenzi bila kibali ilibandikwa getini asubuhi, na kufikia jioni mwenye nyumba alikuwa ameshamwita fundi aje kuvunja bafu lililojengwa ndani ya gereji. Nilipofika, kazi ya kwanza ilikuwa kumzuia yule fundi. Katika miji mingi kuvunja nako kunahitaji kibali, kwa hiyo anayevunja baada ya kupewa notisi hujiongezea kosa la pili. Tena anafuta ushahidi wa sehemu zilizojengwa vizuri, ambazo zingeweza kubaki.

Notisi ilitaja mambo matatu: gereji iliyogeuzwa chumba cha kulala chenye bafu, ukuta ulioondolewa kati ya jiko na sebule, na paa la kivuli lililoingia kwenye nafasi ya wazi inayotakiwa kuachwa mpakani. Kila kosa lilikuwa na kifungu chake cha kanuni, na majibu lazima yafuate vifungu hivyo kimoja kimoja. Barua ya kuomba radhi tu haimpi mkaguzi chochote cha kuweka kwenye faili. Tuliandika kwamba kazi imesimama, mhandisi wa miundo na fundi umeme mwenye leseni wamepatikana, michoro inaandaliwa, na tunaomba muda uongezwe. Barua ikapelekwa kabla ya tarehe ya mwisho, nakala yetu ikagongwa muhuri. Kesi nyingi huharibikia hapa: mtu anakaa kimya kwa hofu, muda unapita, faini inaanza kuhesabiwa kila siku.

Kisha tukapima nyumba nzima ili kuchora hali ilivyo. Mchoro wa namna hii usionyeshe nyumba kama ilivyotakiwa kuwa. Kama ukuta una unene wa milimita 150, usiandikwe 230 kwa sababu tu ndivyo ilivyo kwenye ramani ya zamani. Mkaguzi akikuta kipimo kimoja cha uongo, hana sababu ya kuamini vilivyobaki.

Siku ya ukaguzi wa kwanza mkaguzi alisimama chini ya bimu, yaani boriti ya zege, iliyowekwa mahali pa ule ukuta, akagonga plasta kwa kidole.

“Fundi, humu ndani kuna nini?”

Mwenye nyumba ndiye aliyejibu: nondo zimo, alikuwepo zikifungwa.

“Nakuamini, mama,” mkaguzi akasema, “ila siwezi kusaini nisichokiona.”

Kesi nzima ilikuwa katika maneno hayo. Kazi isiyo na kibali hukataliwa zaidi kwa sababu imefichwa, hata pale ambapo haina ubovu. Hivyo tukapendekeza wenyewe sehemu za kufungua, tukaziwekea alama kwenye mchoro, naye akakubali. Njia hii hupunguza uharibifu, maana usipochagua wewe unaweza kuamriwa ubandue ukuta wote.

Bimu ilikuwa na urefu wa mita 3.2 na juu yake kulikuwa na sakafu ya zege. Kipimanondo kilituonyesha vyuma vilipo, kisha tukachimbua zege mahali pawili: chini katikati, ambako nondo kuu zinavutwa zaidi, na karibu na ukuta, ambako ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo, zinatakiwa kukaribiana. Nondo zilikuwa tatu za milimita 12, na ringi zilikuwepo. Ubovu ulikuwa kwenye ncha. Upande mmoja bimu ilikalia ukuta kwa milimita 200, upande wa pili milimita 70 tu, na chini ya ncha hiyo fupi tofali lilikuwa limeanza kupasuka wima. Mzigo mkubwa ulikuwa umebanwa kwenye eneo dogo mno.

Bimu iliyokwisha kumwagwa hairefushwi. Mhandisi alihesabu mizigo, akachora nguzo ya zege ya kuongezwa chini ya ile ncha, ikianzia kwenye msingi wake. Kabla ya kuchimba tuliweka jeki za chuma pande zote mbili, zikikanyaga mbao nene ili mzigo utawanyike sakafuni. Jeki hukazwa mpaka ishike tu. Ukiendelea kukaza unainua sakafu ya juu, na ufa unatokea kule ulikokuwa unazuia ufa. Nguzo ilimwagwa ikaishia milimita 30 chini ya bimu. Baada ya zege kukomaa, nafasi hiyo ikajazwa mota kavu ya saruji na mchanga, 1 kwa 3, yenye maji ya kutosha kufinyangika mkononi bila kuchuruzika, ikashindiliwa kwa kipande cha mbao na nyundo. Mota ya majimaji husinyaa ikikauka na kuacha mwanya. Nguzo inaonekana imefika juu, kumbe haibebi kitu. Jeki zilitolewa mhandisi alipoandika kwamba zitolewe, kidogo kidogo, kwa zamu.

Umeme ndio ulionitia wasiwasi kuliko vyote. Hita ya kuogea ya kilowati 7 ilikuwa imeunganishwa kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5 za mraba. Kwa volti 230 hita hiyo inavuta takriban ampia 30. Breka ya ampia 20 ilikuwa ikikata mara kwa mara, kama inavyopaswa, na mtu akaibadilisha akaweka ya 32. Kuanzia hapo hita ikawaka bila usumbufu, lakini waya ukabaki bila kinga: unapata moto na breka haioni kosa. Tulipofungua soketi iliyo ukutani nyuma ya bafu, ganda la waya lilikuwa limekauka na kuwa jeusi, na ndani ya plasta kulikuwa na maungio yaliyosokotwa na kuzungushiwa tepu, bila kisanduku. Waya wote huo ulitolewa. Fundi umeme alivuta sakiti ya peke yake ya milimita 6 za mraba kutoka kwenye bodi, breka ya ampia 32, na kinga ya uvujaji ya miliampia 30, inayokata umeme unapovuja, na maungio yote yakawekwa kwenye visanduku vinavyofikika. Kipimo cha ganda la waya kilifanywa kwa volti 500, vifaa vya kielektroniki vikiwa vimechomolewa kwanza ili visiungue. Matokeo yaliandikwa sakiti kwa sakiti, maana mkaguzi hutaka namba.

Bomba la choo, la milimita 100, lilionekana kuwa na mteremko wa kutosha ukipima ncha zake mbili. Tulipopima kila mita ndipo tukakuta katikati limebonyea, kwa kuwa lililazwa juu ya kifusi kisichoshindiliwa. Hapo uchafu ulikuwa unatuama. Sakafu ilichimbuliwa, kitako kikashindiliwa, bomba likalazwa upya kwa mteremko wa 1 kwa 40, yaani milimita 25 kila mita. Harufu ya bafuni ilitokana na kukosekana kwa bomba la kupumulia: choo kikimwagwa, maji yanayoziba harufu kwenye mpindo wa sakafuni yalivutwa yote. Bomba la milimita 50 lilipandishwa hadi juu ya paa. Mfereji uliachwa wazi, bomba likiwa limejazwa maji, mpaka mkaguzi alipokuja. Ukifukia kabla hajaona, unafukua tena.

Dirisha la chumba lilipanuliwa ili mwanga, hewa na njia ya kutokea wakati wa moto vitoshe. Paa la kivuli halikuwa na utetezi. Nafasi ya mpakani hairekebishwi kwa mchoro, ni ama upewe ruhusa maalumu ama ukate, na hapa lilikatwa.

Kibali cha kazi iliyokwisha kufanyika kilitoka, ada yake ikiwa juu kuliko ya kawaida, na ukaguzi wa mwisho ukapita. Wengi huondoka hapo wakidhani wamemaliza. Kibali na notisi mara nyingi ni mafaili mawili, na la notisi linaweza kubaki wazi mpaka siku nyumba inapouzwa au kuwekwa rehani ndipo lijitokeze. Tuliomba barua ya kuifunga notisi. Ilipokuja tuliilinganisha na karatasi ya getini, tukakuta namba ya kiwanja imekosewa tarakimu moja. Tuliirudisha siku hiyohiyo, ikachapwa upya na kusainiwa.