Bia za mitaa ya Kisumu kwa jioni moja, na ulimi usipoteze akili

Wengi wanaozunguka baa jioni moja, wakifika ya tatu hawajui tena wanachokunywa. Mimi nilitaka kuonja. Nilipokwenda Kisumu kwa wakwe zangu nilimwomba shemeji, mdogo wa mume wangu, anitembeze kwa sharti moja: kila baa tunaagiza chupa moja, tunagawana kwenye glasi mbili, na tunakunywa maji kabla ya kuhamia kwingine.

"Nyar Nakuru," akasema, yaani binti wa Nakuru kwa Kijaluo, "watatuona wachoyo."

Lakini mwenye kulipa nilikuwa mimi, basi akakubali.

Matayarisho hayakuwa na mambo mengi. Tulikula ugali na ngege wa kukaanga, gari tukaliacha nyumbani, tukapanda tuktuk. Saa kumi na moja tulikuwa mlangoni, kwa sababu sheria ya pombe ya 2010, ile ambayo watu bado wanaiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inaruhusu baa za kawaida kufunguliwa saa hiyo siku za kazi na kufungwa saa tano usiku. Ni muda wa kutosha kwa mtu asiye na pupa.

Tulianzia mtaa wa Milimani, kwenye baa yenye bustani na viti vya mito. Mhudumu akauliza swali ambalo Mkenya yeyote mnywaji amelisikia: "Baridi ama moto?" Hapo nikalegeza sharti langu, nikaagiza Tusker mbili, moja ya friji na moja ya rafu. Ni bia ileile, ya asilimia 4.2, ila ukizinywa kwa zamu utadhani zimetoka viwanda viwili. Ya baridi ni mapovu na uchungu kidogo, inakata joto la Kisumu vizuri, kisha inapotea mdomoni. Ya moto inatoa harufu ya nafaka na utamu wa kimea ambao baridi huwa imeufunika, kwa kuwa ubaridi unautia ulimi ganzi na kuzuia harufu isipande. Wazee wanaoagiza ya moto huambiwa wanaogopa kifua. Mimi sasa naona wanajua wanachonunua. Kwa kiu nitaagiza baridi. Kwa kuijua bia, nitaagiza ya rafu.

Jambo moja kwa wanawake hasa, ingawa na wanaume wanaibiwa: chupa ifunguliwe mbele yako, mezani, na glasi usiiache peke yake ukienda msalani. Wanaowekewa "mchele", yaani dawa ya kulevya ya kuwalaza, huamka asubuhi hawana simu wala kumbukumbu. Pia mimi huangalia stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya kodi, kwenye chupa. Mhudumu mzuri hakasiriki ukiichunguza.

Baa ya pili ilikuwa karibu, tukanywa White Cap, ile yenye kilele cha Mlima Kenya kwenye lebo. Shemeji anaipenda sana. Kwangu ilikuwa laini kupita kiasi, sina mengi ya kusema.

Nyalenda ndiko nilikokuwa nakuvizia. Nilitaka Senator Keg, bia ambayo watu wa mjini huidharau mpaka mwisho wa mwezi uwe mbali. Ilianzishwa 2004, serikali ikiipa nafuu ya ushuru ili mtu wa kipato kidogo aache pombe haramu zilizokuwa zikiua na kupofusha. Nafuu hiyo ilipopunguzwa 2013, mauzo yakaporomoka na wakulima wa mtama wakabaki na magunia. Baadaye ikarudishwa. Watu wa huku wana sababu ya kuifuatilia habari hiyo: bia hii hutengenezwa kwa mtama, sehemu ya mtama huo inatoka mashamba ya magharibi, na kiwanda cha bia cha Kisumu kilichokuwa kimefungwa kwa miaka mingi kilirudi kazini 2019 baada ya uwekezaji wa shilingi bilioni 15.

Shemeji alitaka tuingie baa iliyopakwa rangi mpya, yenye televisheni kubwa na wateja wanne. Nikakataa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha mabati, watu wamebanana kwenye mabenchi, jagi zinapita juu ya vichwa. Bia ya pipa si kama ya chupa. Pipa likishafunguliwa, bia inaanza kuchakaa, na kama inavutwa kwa pampu ya mkono hewa inaingia kila inapovutwa. Kwenye baa tupu, pipa la lita 50 linaweza kukaa mpaka bia iwe chachu na bila povu. Palipobanana halifiki mbali. Nilimuuliza mwenye kaunta pipa limefunguliwa lini. Akanitazama kama niliyeuliza mkate umeokwa na nani.

"Madam, hili ni la pili tangu tufungue."

Tukapewa jagi moja na vikombe viwili. Rangi ya majani makavu, povu jeupe, utamu mwepesi wa nafaka, na mwishoni uchachu mdogo sana uliosafisha mdomo. Jaduong' mmoja, yaani mzee, aliyekaa karibu nasi aliniona nainusa, akacheka, kisha akanisogezea sahani yake ya omena, dagaa wa ziwani, niijaribu nayo. Chumvi ya omena na ile bia vilielewana kuliko kitu chochote nilichoonja jioni ile. Niliongeza kikombe.

Kondele tulifika imeshachangamka, spika zinagombana, ohangla huku, rumba kule. Guinness niliiweka mwisho makusudi, kwa sababu uchungu wa shayiri iliyokaangwa ukishakaa ulimini, bia nyepesi zinazofuata zinakuwa maji. Tuliichukua ya moto. Niliisikia kahawa, chokoleti chungu, na kitu kama ukoko wa ugali ulioungua kidogo. Shemeji alikunywa robo ya glasi yake, akanisukumia iliyobaki.

Busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka, sikuigusa. Hiyo nitaifuata Kakamega mchana, kwa mirija mirefu, na siku yake peke yake. Saa tano kasoro tulikuwa tunabishana na dereva wa tuktuk juu ya nauli, shemeji bado anadai White Cap ndiyo iliyoshinda.