Kabla ya masika, naangalia mstari ukutani
Kwenye ukuta wa sebule yetu, Kigogo bondeni, Dar es Salaam, upo mstari wa tope ulioachwa na mafuriko ya Desemba 2011. Unafika juu kidogo ya swichi ya taa, na tumepaka rangi mara mbili bila kuufuta, kwa sababu mimi mwenyewe nilikataa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mvua ikikatika kwetu hatari imepita, kumbe Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, na maji yanayotuzamisha huenda yalinyesha huko huku sisi tukiwa tumeanika nguo. Bahari ikijaa, hasa siku za bamvua, maji ya mto hukosa pa kutokea kule Daraja la Selander, yakaanza kurudi nyuma kuelekea Jangwani.

Kwa hiyo mwaka huu, Februari haijaisha, vyeti vya watoto na kadi za kliniki tayari vimo kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili, ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati. Mama mkwe, ambaye miguu yake haimruhusu kukimbia, atahamia kwa shemeji Kimara mara tu Mamlaka ya Hali ya Hewa itakapotoa tahadhari ya mvua kubwa. Hatutasubiri maji yafike kizingitini, maana mwaka ule yalitufikia usiku, na umeme ulikuwa bado unawaka.