Chupa ndani ya soksi: kuonja mvinyo Mombasa wakati wa kaskazi

Kila Desemba sisi wa ughaibuni tunarudi Mombasa na chupa mbili sandukuni, zimevingirishwa ndani ya suruali za jinzi. Ni mbili kwa sababu forodha ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri mtu mzima lita 2 za mvinyo bila ushuru, na chupa ya kawaida ni mililita 750. Wakirudi watatu, chupa sita zimepatikana, na sita zinatosha watu wanane kuonja jioni nzima bila kujua wanakunywa nini. Taabu ni kwamba tunarudi pia na utaratibu wa London au Hamburg, na utaratibu huo hauliwezi joto la Nyali.

Vitabu vikisema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, chumba hicho ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Mombasa wakati wa kaskazi hufika 30. Hapo kileo kinapanda puani, matunda yanapotea, na chupa ya bei mbaya inanuka dawa ya kikohozi sawa na ya bei nafuu. Kwa hiyo mwekundu nao unapozwa. Kwenye friji ni kama saa moja na nusu. Kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji ni dakika 8 hadi 10, na mweupe dakika 20. Maji yasisahaulike: barafu isiyo na maji huigusa chupa hapa na pale tu, maji huikumbatia yote. Barafu ya wauza samaki ni rahisi kupata umeme ukikatika, ila chupa zioshwe na kufutwa kabla ya kuguswa tena, la sivyo meza nzima itaandika "harufu ya bahari".

Na chupa zote za raundi moja ziwe na baridi sawa. Hili ndilo linalowaponza wengi. Chupa moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, watu wataitambua kwa joto lake, kisha watajisifu kuwa wameutambua mvinyo.

Adui wa pili ni nyumba yenyewe. Nyumba iliyofukizwa udi asubuhi haifai kuonjea jioni. Asumini zitolewe mezani, pilau lipikwe baadaye, na mwenye marashi akae karibu na dirisha, kwa heshima zote. Glasi nazo zinusiwe zikiwa tupu: zilizokaa kabatini na vidonge vya nondo hubeba harufu hiyo hadi kwenye mvinyo, na zilizotolewa sasa hivi kwenye boksi hunuka katoni. Zioshwe kwa maji ya moto bila sabuni, zikaushwe, kisha zisuuzwe kwa tone la mvinyo wenyewe.

Kuficha ni kazi ya watu wawili. Wa kwanza, chumba kingine, anafungua chupa, anang'oa karatasi yote ya shingoni, anazivika soksi ndefu za mpira wa miguu na kuzipa herufi A hadi F. Wa pili, ambaye hakuziona zikiwa uchi, anazichanganya na kuzipa namba 1 hadi 6. Hivyo hata mwenyeji haonji huku akijua. Soksi hata hivyo haifichi umbo: chupa ya Bordeaux ina mabega, ya Burgundy imeteremka kama mtungi, ya Riesling ni nyembamba ndefu. Mwenye jicho hatahitaji ulimi. Afadhali kumimina kwenye majagi sita yanayofanana.

Mimina mililita 50, zipimwe kwa kikombe cha dawa, si kwa macho. Watu wanane ni 400, zinabaki 350 za kurudia na za chakula. Sita mara 50 ni mililita 300 kwa kila mtu, kwa hiyo vikombe vya kutemea viwepo na visionewe haya. Tuktuk ya kurudi iagizwe mapema. Glasi tatu kwa kila mtu zinatosha, raundi mbili: nyeupe kwanza, nyekundu baadaye, na kama kuna mvinyo mtamu wa Dodoma, uje mwisho kabisa.

Kwa maoni yangu, raundi yenye maana kuliko zote ni ya glasi tatu ambazo mbili zina mvinyo mmoja na ya tatu tofauti. Swali ni moja: ipi si ya ndugu zake? Kubahatisha kunampa mtu nafasi moja kati ya tatu. Kati ya wanane, watatu wakipatia hawajathibitisha kitu. Wakipatia sita, tofauti ipo, maana bahati tupu hufika hapo kama mara mbili tu katika mia.

Watu waandike kimya dakika kumi. Mzee wa meza akisema "huu Pinotage", yaani mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, vijana wote watanusa Pinotage, na hakuna atakayembishia. Macho nayo ni waongo vilevile: mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu.

Maneno yenyewe tuyatoe jikoni kwetu. Ughaibuni tunakariri majina ya matunda ya porini ambayo hatujawahi kuyala. Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe, ina harufu ya mapera na pasheni, na mtoto wa Mombasa ameyajua kabla ya kujua kusoma. Harufu ya pilipili manga ndani ya Shiraz, mvinyo mwekundu, si kisingizio: mwaka 2008 watafiti wa Australia walitaja kemikali yake, rotundoni, ambayo ndiyo iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe. Mapipa ya mwaloni hutoa eujenoli, kemikali ileile ya karafuu. Na tanini tayari ina jina, ukakasi. Aliyewahi kuuma bibo bichi hahitaji maelezo.

Kuna chupa ambazo hazistahili alama. Inayonuka katoni iliyoloa ina ugonjwa wa kizibo. Iwekwe kando, hewa haitaiponya. Ambayo kizibo kimesukumwa juu, na mvinyo uliovuja umekauka shingoni, imepikwa na jua garini au kwenye kontena. Itakuwa na ladha ya jemu. Kwa hiyo vizibo vikaguliwe wakati wa kufungua, na kila kasoro iandikwe pembeni ya herufi yake.

Karatasi zikishakusanywa, wa pili anasoma namba na herufi yake, wa kwanza anajibu kwa jina, na soksi zinavuliwa moja moja. Hapo ndipo viazi karai, ukwaju na pilipili vinaruhusiwa kuingia.