Senti 29 za Kodi ya Mafuta: Jinsi Tulivyogawana Nafuu Ndani ya Gari Moja

Bei ya petroli ilipopanda Marekani nzima mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, jimbo letu la Georgia lilisimamisha kodi yake ya mafuta. Gavana Brian Kemp alitia saini sheria hiyo tarehe 18 Machi. Kodi yenyewe ilikuwa senti 29.1 kwa kila galoni ya petroli na senti 32.6 kwa dizeli. Ile ya serikali kuu, senti 18.4, ilibaki palepale.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuku Gainesville, na nyumbani ni Clarkston, mji waliofikia Wakongo wengi tuliotoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Ni maili 45 hivi kwenda, na kurudi vilevile, na zamu inaanza alfajiri. Asiye na gari anapanda la mwenzake. Langu lilikuwa la viti saba, kwa hiyo tulikuwa saba, tunachangia mafuta.

Habari ya kodi ilitufikia haraka kuliko nafuu yenyewe. Mama mmoja mtu mzima, ambaye sote garini tulimheshimu kama mzazi, aliniuliza tukiwa njiani: "Mwanangu, watoto wamenisomea kwamba gavana ameondoa kodi ya mafuta. Mbona mchango wetu haujapungua?" Garini kukawa kimya, wote wakisubiri jibu. Lilikuwa swali la haki. Watu waliokaa kambini miaka mingi wameshaona misaada ikiishia mikononi mwa wachache, na sikutaka hata mmoja wao anihesabu mimi miongoni mwa hao.

Jibu la kwanza lilikuwa rahisi: kodi hii haikatwi kwako pale kwenye pampu. Inakusanywa huko juu, kwa wasambazaji wanaouzia vituo. Mafuta yaliyokuwa tayari kwenye matangi ya vituo siku ile yalishalipiwa kodi, hivyo bei ilichukua siku kadhaa kuanza kushuka, na vituo havikushusha kwa pamoja. Nikaomba tuvumilie hadi wiki inayofuata.

Jibu la pili lilihitaji karatasi. Kwa wiki gari lilikunywa galoni 25 hivi. Ukizidisha kwa senti 29.1 unapata dola 7 na senti 28. Ukigawa kwa watu saba, inakuwa dola moja na senti chache kwa kila mmoja, kwa wiki nzima. Niliwaonyesha hesabu hiyo kwenye daftari, nikampa mzee mmoja aliyewahi kufundisha shule ya msingi airudie mwenyewe kwa sauti. Akapata jibu lilelile. Baadhi walisikitika, maana jinsi watu walivyoizungumzia kodi hiyo ungedhani mafuta yatakuwa ya bure.

Hapo ndipo tulipobadilisha utaratibu, na ninaona ndiyo hatua iliyotusaidia kuliko zote. Zamani kila mtu alitoa kiasi kimoja, basi. Sasa tuligawa mchango katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya gari: matairi, oili, bima. Hiyo haipandi wala kushuka kwa sababu ya petroli. Sehemu ya pili ni mafuta matupu: galoni 25, mara bei ya kituo chetu siku ya Jumatatu, gawanya kwa saba, na dereva naye anahesabiwa. Risiti inapigwa picha na kutumwa kwenye kundi letu la simu. Bei ikipanda wote tunaona, ikishuka wote tunafaidi, na gavana akiondoa au kurudisha kodi, hesabu inajirekebisha yenyewe.

Mwezi Juni ndio uliotubana zaidi. Wastani wa nchi nzima ulipita dola 5 kwa galoni. Georgia tulikuwa chini ya hapo, na zile senti 29 zilichangia, lakini mwaka uliotangulia tulikuwa tumezoea petroli isiyofika dola 3. Kodi iliondolewa kwanza hadi mwisho wa Mei, kisha ikawa inaongezewa muda kidogo kidogo, karibu mwezi mwezi, mpaka tarehe 10 Januari 2023. Nashukuru iliongezwa. Ndugu zetu wa Maryland walipata nafuu ya senti 36.1, lakini kwa siku 30 tu, na Aprili ikawa imekwisha.

Lililoniuma ni fungu la pili la msaada. Jimbo lilikuwa na ziada kwenye bajeti, likarudishia walipa kodi dola 250 kwa asiye na ndoa, 375 kwa mkuu wa kaya, na hadi 500 kwa wanandoa waliojaza fomu pamoja. Haikulazimu kuomba, ilikuja benki au kwa hundi. Sharti lilikuwa uwe umewasilisha fomu ya kodi ya mapato ya mwaka 2020 na ya 2021. Garini mwetu walikuwamo waliofika Marekani mwaka 2021. Walikuwa wanaamka saa zilezile na kulipa mafuta yaleyale, lakini hawakuwa na fomu ya 2020, hivyo hawakupata kitu. Sisi tulioingiziwa fedha tulikubaliana kuwalipia sehemu ya gari kwa muda, mpaka bei itulie. Hakuna aliyelazimishwa, na hakuna aliyekataa.

Kodi iliporudi Januari, mafuta yalikuwa yameshuka mbali na bei ya Juni, na ongezeko likaingia kwenye hesabu bila mabishano. Septemba 2023 gavana aliisimamisha tena, safari hii senti 31.2. Nilipowasha gari asubuhi ile, yule mama alikuwa tayari ameshapiga hesabu yake: "Dola moja na senti kumi na moja, mwanangu. Angalia kama nimekosea." Hakuwa amekosea.