Nimeshona mkoba mwingine wa kitambaa, safari hii mikanda haing'oki

Mkoba wangu wa kwanza wa kitambaa ulidumu wiki mbili tu. Nilikuwa nimeutundika begani una vitabu vinne na chupa ya maji, nikasikia traa, mkanda mmoja ukang'oka pale kwenye mdomo na kila kitu kikamwagika chini. Iliniuma kweli, maana nilikesha nao siku tatu. Nilipofika nyumbani nikaufumua kuangalia shida iko wapi, nikakuta uzi mzima kabisa, kilichochanika ni kitambaa, kwa sababu ncha ya mkanda ilikuwa imeingia ndani ya mshono sentimita 1 tu, yaani uzito wote ulikuwa unaning'inia kwenye mstari mmoja. Tangu hapo nimeshona mingine mingi na leo naandika ninavyofanya, ila mikanda nitaizungumzia zaidi maana hapo ndo mkoba unapofia.

Kitambaa cha nje kiwe kizito kidogo, kanvasi, jinzi, pamba nene, hata miguu ya suruali ya jinzi uliyoacha kuvaa. Cha bitana, yaani cha ndani, kiwe chepesi, shuka kuukuu la pamba linafaa sana. Vifue vyote na uvipige pasi kabla ya kukata, tafadhali usiruke hii hatua, pamba husinyaa ikifuliwa, sasa ukishona kwanza alafu ndo ufue, nje inasinyaa kivyake bitana kivyake na mkoba unakunjamana moja kwa moja. Kitambaa kikiwa chembamba bandika gamu kwa nyuma, kile kitambaa chenye gundi kinachoshika kwa pasi.

Kata vipande viwili vya nje, upana sentimita 42 urefu 45, na viwili vya bitana saizi ileile, na vya mikanda viwili, upana 10 urefu 65. Kwenye kona mbili za chini za kila kipande, cha nje na cha bitana, toa mraba wa 5 kwa 5. Mishono yote acha sentimita 1 pembeni.

Sasa mikanda. Kunja kipande katikati kwa urefu, piga pasi upate alama, fungua, leta kingo zote mbili zikutane kwenye hiyo alama, pasi tena, alafu kunja tena. Unapata mkanda wa sentimita 2 na nusu wenye safu nne za kitambaa na kingo zote zimejificha ndani. Shona pande zote mbili, milimita 3 hivi kutoka ukingoni. Upande ule uliokunjwa wengi wanauacha kwa sababu umeshajifunga wenyewe, lakini ushone tu, mshono huo ndo unaozuia mkanda kujisokota ukawa kama kamba inayokata bega.

Mwili wa mkoba hauna mambo mengi. Pande nzuri zitazamane, shona mbavu na chini, hizo kona zilizokatwa ziache kwanza. Bitana vivyo hivyo, ila huku chini acha nafasi kama sentimita 12 bila kushona, utaihitaji. Kisha shika kona, vuta vitambaa viachane mpaka mshono wa ubavu ulale juu ya mshono wa chini, lile pengo la mraba linageuka kuwa mstari mnyoofu, ushone. Hicho ndo kitako, upana wake sentimita 8, na ndo kinachofanya mkoba ukae wima mezani badala ya kuanguka kama bahasha.

Geuza mkoba wa nje, upande mzuri uwe nje. Pima sentimita 12 kutoka kila mshono wa ubavu, hapo weka ncha mbili za mkanda, kila upande wa mkoba mkanda mmoja, mkanda uning'inie kuelekea chini na ncha zake zichomoze juu ya mdomo sentimita 3. Hizo 3 ndo nilizozikosa mara ya kwanza. Angalia mkanda haujajisokota, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, ushike, alafu chovya mkoba mzima ndani ya bitana iliyo kinyume, pande nzuri zitazamane, mikanda ibaki katikati, ushone mdomo mzunguko wote. Ukifika kwenye mkanda shona, rudi nyuma, shona tena. Hapo kitambaa kimekuwa kinene kweli, kwa cherehani weka sindano namba 90 au 100 na uzungushe gurudumu kwa mkono taratibu, usilazimishe, sindano itakatika. Wa kushona kwa mkono tumia uzi mara mbili, kila hatua sindano irudi nyuma ilipotokea, ni kazi ya polepole lakini mshono wake ni mgumu kufumuka.

Alafu toa mkoba wote kupitia ile nafasi ya bitana. Yaani ule mfuko wa ajabu ajabu wenye nyuzi kila mahali unatoka kidogo kidogo, kona moja, mkanda, kona nyingine, na ghafla una mkoba mkononi. Ziba nafasi, sukuma bitana ndani, piga pasi mdomo, shona tena mzunguko nusu sentimita kutoka juu.

Bado usiubebe. Papasa kwa kidole chini ya mdomo, utaisikia ile ncha ya mkanda imelala katikati ya nje na bitana. Chora mraba juu yake kwa chaki, shona mraba, kisha shona X ndani yake, mara mbili kama una uzi wa kutosha. Sasa mzigo haukai tena kwenye mstari mmoja, umegawanywa mraba mzima.

Huu niliomaliza juzi niliupakia vitabu vinne vilevile na chupa imejaa, nikautundika kwenye msumari usiku kucha. Asubuhi nimezikagua zile X moja moja, zote nne, hakuna uzi uliovutika hata mmoja.