Nusu peni ya Blaenavon

Kitambulisho changu cha kazi kina jina la mchimba makaa ya mawe, na nimelivaa shingoni miaka mitatu bila kujua. Bodi ya afya ninayoifanyia kazi ya uuguzi hapa Newport, kusini mwa Wales, inaitwa Aneurin Bevan. Mimi nilidhani ni tajiri fulani aliyetoa pesa zake. Wiki iliyopita mgonjwa mmoja mzee akanicheka mpaka akakohoa. Akaniambia siku nikipumzika nipande basi niende Blaenavon, nishuke shimoni, halafu nirudi nimwambie.

Basi leo nimekwenda. Ni safari ya saa moja hivi, na kadiri unavyopanda ndivyo bonde linavyobana na nyumba zinavyoshikana ukuta kwa ukuta. Mji wenyewe ni mdogo, watu kama 6,000 tu. Ulianza na kiwanda cha kuyeyusha chuma mwaka 1789, kwa kuwa madini ya chuma, makaa na mawe ya chokaa vyote vilikuwa pale pale mlimani. Hata birika la ubatizo kanisani ni la chuma, na makaburi mengine yamefunikwa kwa bamba la chuma. Chuma kilipofifia, makaa yakabaki kuulisha mji.

Mgodi wao unaitwa Big Pit, kwa Kiwelisi Pwll Mawr, yaani Shimo Kubwa. Ulifungwa tarehe 2 Februari 1980, na tangu 1983 watu wanashuka kutembea. Mlangoni unavua saa, unaacha simu, kiberiti, chochote chenye betri, maana huko chini kuna gesi inayoweza kuwaka kwa cheche moja. Wakanivika kofia ngumu, taa ya kichwani, na mkanda wenye betri uliokuwa mzito kama mtoto wa mgongoni.

Lifti ni kizimba cha chuma. Mita 90 kwenda chini, maji yanatudondokea. Anayetuongoza ni mzee aliyewahi kuchimba mwenyewe, anatembea ameinama bila kuangalia juu, kichwa chake kinajua kila boriti ilipo. Mimi nimeigonga kofia mara nne.

Tulipofika kwenye mlango mmoja wa mbao akatuambia tuzime taa. Giza hilo sina la kulifananisha nalo. Nilinyanyua mkono mbele ya macho, sikuuona. Akasema kabla ya sheria ya 1842 watoto wadogo walikaa gizani hivyo, siku nzima, kazi yao kuvuta mlango mkokoteni ukija na kuufunga ukishapita. Sheria hiyo ndiyo iliyozuia wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka kumi kufanya kazi chini ya ardhi. Mvulana wa miaka kumi na moja, ruksa.

Pale gizani nikamkumbuka mjomba wangu. Alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji, kwenye machimbo ya tanzanite ya Mererani, Tanzania, na kabla ya hapo, akiwa mwembamba bado, alikuwa "nyoka", yaani mtoto wa kupenya matundu ambayo mtu mzima hapiti. Hakuna mshahara kule. Unakula, unalala, unasubiri jiwe litoke upate mgao. Jiwe lake lilitoka mara moja, akanunua pikipiki. Vumbi halikusubiri mgao, liliingia kifuani kila siku. Alipoanza kukohoa walimpa dawa za kifua kikuu, akamaliza, akapewa tena. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anafanya kazi gani. Hata mimi, muuguzi wa familia, niliuliza nikiwa nimechelewa.

Kule chini kuna mazizi pia. Farasi waliishi humo humo wakivuta makaa, na majina yao bado yameandikwa juu ya vyumba vyao. Watalii wenzangu walisikitikia farasi kuliko watoto wa mlangoni, lakini hayo tuyaache.

Juu kuna mabafu yaliyofunguliwa 1939. Kabla yake mwanamume alirudi nyumbani mweusi tii, na mkewe ndiye aliyechemsha maji na kumsugua mgongo mbele ya moto. Kama nyumba ina baba na wana watatu wenye zamu tofauti, hesabu mwenyewe ndoo ngapi. Wanasema mabafu yaliwafaa wachimbaji. Mimi naona yaliwafaa zaidi wake zao.

Nikashuka mjini kwa miguu. Katikati kuna jengo kubwa la mawe, ukumbi wa wafanyakazi, lililojengwa miaka ya 1890. Kila mfanyakazi alikatwa nusu peni kwa wiki. Ndivyo walivyopata ukumbi na maktaba yao, watu ambao wengi wao walianza kazi wakiwa watoto. Nilikaa kwenye ngazi zake nikila keki zao bapa za zabibu kavu, ambazo zingekuwa na hiliki kidogo zingefaa kabisa.

Na ng'ambo ya milima hiyo, upande wa magharibi, uko Tredegar alikozaliwa Bevan mwaka 1897. Aliingia mgodini akiwa na miaka 13. Baba yake alikufa 1925 kwa vumbi la makaa mapafuni, na familia haikulipwa kitu, kwa sababu wakati huo sheria haikuuhesabu kuwa ugonjwa wa kazini. Lakini Tredegar walikuwa na chama chao cha matibabu tangu 1890: kila mtu anakatwa peni tatu katika kila pauni ya mshahara, na akiugua, yeye au mkewe au mwanawe, daktari yupo. Bevan alipokuwa waziri wa afya akaichukua fikra ile ya mji wake akaitandaza nchi nzima, na tarehe 5 Julai 1948 matibabu yakawa bure kwa wote.

Mchango wa ugonjwa wa mjomba ulisuasua miezi mitano. Alipofariki, wa msiba ulijaa kwa siku mbili, tukakodi na mahema.

Kwenye basi la kurudi nikawasha simu. Kundi la familia lilikuwa na ujumbe 43, wote wa send-off ya binti wa shangazi. Nikaandika: ndugu zangu, tungekuwa tunaweka shilingi elfu mbili kila mwezi, kila mtu, za matibabu tu, kabla hajaugua mtu? Tiki mbili za buluu. Kimya mpaka basi likafika mji wa Pontypool. Kisha mweka hazina wetu akajibu: "Wazo zuri dada, tutalijadili. Ila ahadi yako ya send-off bado sijaiona."

Nimeituma.