Chupa tatu, sumu moja: nilivyopambana na utitiri sugu

Biringanya zangu zilianza kuugua upande ulio karibu na njia, kule kwenye vumbi. Majani yalijaa vidoa vyeupe mithili ya yaliyodungwa sindano, yakageuka rangi ya shaba, na chini yake ukatanda utando mwembamba. Utitiri wekundu. Nikapulizia abamektini, dawa ya kuua utitiri, wakapungua. Baada ya wiki mbili wakarudi, nikaongeza kipimo. Wakarudi tena, safari hii wengi zaidi.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba niliamini nabadilisha dawa. Nilikuwa na chupa tatu zenye majina matatu. Siku nilipozipanga mezani nikasoma yale maandishi madogo ya lebo, zote zilikuwa na kiambato kilekile: abamektini, ambayo iko kundi la 6 kwenye orodha ya IRAC, ile ya kimataifa inayopanga dawa kwa makundi kulingana na zinavyoua. Muda wote huo nilikuwa naua walio dhaifu na kuwaachia sugu shamba wazaliane.

Na kuzaliana wanajua. Joto likikaribia nyuzi 30, yai huwa utitiri mzima kwa takriban wiki moja, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 100. Tena yai lisilorutubishwa hutoa dume, mwenye seti moja tu ya vinasaba, ile ya mama. Usugu ambao kwa jike ungeweza kujificha nyuma ya kinasaba cha pili, kwa dume hauna pa kujificha: dawa ikipita, yeye anabaki na kuurithisha kwa binti zake wote.

Kabla ya kununua chochote kingine nilitaka kujua kama kweli ni usugu au ni upuliziaji wangu mbaya, maana nilikuwa nalowesha juu ya majani ilhali wao wanaishi chini. Nikachuma majani yenye utitiri, mengine nikayachovya kwenye dawa kwa kipimo cha lebo, mengine kwenye maji matupu. Siku tatu baadaye nikahesabu kwa lenzi. Wengi wa waliochovywa kwenye dawa walikuwa wanatembea.

Abamektini nikaiacha. Nilikata majani yaliyoharibika kabisa, nikamwagilia njia kutuliza vumbi, nikapunguza mbolea ya naitrojeni. Kisha nikapulizia bifenazati, kundi la 20D, nozeli ikitazama juu ili chini ya majani palowe. Kizazi kilichofuata kikapata spiromesifeni, kundi la 23, inayoua mayai na wachanga. Katikati nilitumia sabuni ya kuulia wadudu, ambayo haiwaachii nafasi kubwa ya kujenga usugu, ila lazima iwaguse.

Piretroidi niliyokuwa napulizia viwavi nayo nikaiweka kando. Utitiri si mdudu, ana miguu minane na ni wa ukoo wa buibui. Dawa ile haikuwa ikimpunguza, ila maadui zake ilikuwa inawamaliza.

Sasa nachunguza majani 20 kila wiki kabla hata ya kugusa bomba. Majuzi, kando ya utando mdogo, niliwaona utitiri wengine, wang'avu, wenye miguu mirefu na mbio nyingi, wakifyonza mayai ya wale wekundu. Wiki hiyo sikupulizia kitu.